Sasisho Linapobadili Mazoea: Mwongozo kwa Maduka, Mawakala na Steshenari za Kariakoo

Chaguomsingi ni kile ambacho programu hukifanya mtumiaji asipochagua chochote. Mtengenezaji amekwisha kumchagulia: karatasi iwe ya ukubwa gani, herufi ziwe za aina gani, kidole kitelezeshwe upande upi kupokea simu, huduma ipi iwe namba moja kwenye menyu ya kutuma pesa, picha za WhatsApp zijipakue zenyewe au zisubiri kuguswa. Mtu anaweza kukaa na simu miaka mitano asijue kwamba mambo hayo yalichaguliwa na mtu, kwa kuwa kwake hiyo ndiyo simu yenyewe. Hutambua siku yanapobadilika.

Siku hiyo huletwa na sasisho, au apdeti, kama inavyoitwa mezani kwa mafundi wa simu wa mitaa ya Aggrey na Msimbazi. Mfano wa karibuni ni wa Agosti 2025, pale simu nyingi za Android zinazotumia programu ya Google ya kupigia zilipobadilika sura bila mwenye simu kugusa kitu. Kupokea simu, kulikokuwa kwa kupandisha kidole juu, kukawa kwa kutelezesha pembeni; simu zilizopigwa karibuni na majina ya watu wa karibu yakawekwa ukurasa mmoja; simu kumi za mtu mmoja, zilizokuwa zikifungwa pamoja, zikaorodheshwa moja moja. Kwa anayepokea simu mbili kwa siku, huo ni usumbufu wa asubuhi moja. Kwa wakala wa pesa kwenye kibanda chake pembeni ya Msimbazi mambo ni tofauti. Mkono wa kushoto umeshika noti za elfu kumi, macho yako kwenye noti, na dole gumba la kulia linapandisha kioo cha simu inayoita kama lilivyofanya mara elfu. Simu haipokeleki. Dole linarudia, kwa nguvu zaidi, kana kwamba kioo hakikusikia. Simu inakatika, na hesabu ya noti nayo imepotea, inaanzwa upya.

Mwitikio wa kwanza wa watu wengi ni shaka, na kwa Dar es Salaam shaka hiyo ina sababu. Mji uliozoea ujumbe wa matapeli unaotaka ile hela itumwe kwenye namba nyingine hauwezi kulaumiwa ukidhani kwamba simu iliyogeuka usiku imeingiliwa. Shaka hiyo isidharauliwe, ipimwe. Play Store huonyesha programu zilizosasishwa karibuni, na kama programu iliyogeuka imo katika orodha hiyo na jirani mwenye simu ya aina hiyo hiyo ameona jambo lile lile, basi ni sasisho. Kama mabadiliko yamekuja pamoja na ujumbe au simu inayodai namba ya siri ya pesa, hilo si sasisho, na mazungumzo yakatwe hapo hapo.

Baada ya shaka huja hasira. Daniel Kahneman na Amos Tversky walionyesha mwaka 1979 kwamba uchungu wa kupoteza kitu humwelemea binadamu kuliko furaha ya kupata kitu cha thamani hiyo hiyo. Mwaka 1988 William Samuelson na Richard Zeckhauser wakaonyesha jinsi watu wanavyong'ang'ania hali iliyopo hata wanapopewa nyingine isiyo mbaya kuliko hiyo. Watengenezaji wa programu hupenda kuyasoma maelezo hayo kana kwamba yanahusu ukaidi wa mtumiaji, na hapo hukosea. Mazoea ni mtaji. Kila jambo ambalo mkono umelijua bila kuangalia ni muda ambao mtu amekwisha kuulipia, na sasisho linalolibadili humlipisha mara ya pili bila kumwuliza.

Hilo huonekana wazi zaidi kwenye menyu za nyota. Anayetuma pesa kwa *150*00# au *150*01# kila siku hasomi tena kilichoandikwa. Anajua mfululizo wa tarakimu kama mtu anavyojua jina lake. Menyu hiyo haimo ndani ya simu. Imo kwenye mitambo ya kampuni, kwa hiyo hakuna kinachopakuliwa, hakuna kinachoweza kukataliwa, na mabadiliko humfikia mwenye simu ya kitochi sawa na mwenye simu ya kisasa. Huduma mpya ikiingizwa katika nafasi ya tatu, zote zilizokuwa chini yake husogea namba moja, na kidole kinachokwenda kwa kumbukumbu hufungua mlango wa jirani. Kinga iliyobaki ni ukurasa wa mwisho, unaotaja jina la mpokeaji na kiasi kabla ya namba ya siri. Mawakala wazuri huusoma kwa sauti mbele ya mteja. Desturi hiyo inafaa kuwa ya kila anayetuma pesa, hasa katika wiki ya kwanza baada ya kampuni kubadili menyu, jina au rangi zake, kama ilivyokuwa Novemba 2024 pale Tigo ilipogeuka Yas na Tigo Pesa ikaitwa Mixx by Yas.

Kabla ya kuchukua hatua yoyote, mabadiliko yenyewe yatambuliwe ni ya aina gani, kwa sababu dawa zake hazifanani. Yapo ya sura tu, kama rangi na umbo la vitufe. Haya huchukiza siku tatu na kusahaulika. Yapo ya mahali, kama WhatsApp ya Android ilipohamisha vichupo vyake kutoka juu ya kioo kwenda chini mwaka 2024. Haya humalizwa na mkono wenyewe ndani ya wiki moja au mbili, na kuyapigania ni kupoteza nguvu. Yapo ya masharti, ambapo programu inamtaka mtumiaji akubali jambo jipya ndipo aendelee. Januari 2021 WhatsApp ilileta masharti mapya ya faragha na kuwapa watu hadi Februari 8 kuyakubali. Malalamiko yakawa makubwa, wengi wakafungua Telegram na Signal, na tarehe ikasogezwa hadi Mei 15. Masharti husomwa. Kama ni marefu, isomwe angalau sehemu inayoeleza kilichobadilika.

Aina ya nne ndiyo yenye hatari: mabadiliko ya tabia. Kitufe ni kile kile, mahali pale pale, lakini kikibonyezwa hutoa matokeo mengine. Novemba 2014 WhatsApp ilianza kuonyesha alama mbili za buluu ujumbe unaposomwa. Aliyetuma hakubadili chochote, aliyesoma hakubadili chochote, ila sasa mdai alijua kwamba mdaiwa ameusoma ujumbe saa tatu asubuhi na amenyamaza. Katika soko linaloendeshwa kwa mali kauli, hilo si jambo la mapambo. Malalamiko yalizagaa duniani, na baada ya muda mfupi kampuni ikaweka sehemu ya kuzima alama hizo. Swali la kujiuliza baada ya kila sasisho kubwa, basi, ni hili: mkono ukifanya kama ulivyozoea, mashine sasa itafanya nini?

Steshenari za Kariakoo na Mnazi Mmoja zililijibu swali hilo kwa gharama baada ya Microsoft kutoa Office 2007. Menyu za juu zilizozoeleka ziliondolewa ikawekwa riboni, yaani utepe wa vitufe, na hilo ndilo lililopigiwa kelele. Lililoumiza zaidi halikuonekana. Word mpya ilihifadhi faili kwa muundo wa docx badala ya doc, bila kuuliza. Mteja aliyechapa barua ya maombi ya kazi kwa kompyuta mpya, akaibeba kwenye flashi hadi kwenye steshenari yenye Word 2003, alikuta faili halifunguki au linafunguka likiwa alama tupu. Microsoft ilitoa kiongezi cha bure cha kuyafungua, lakini kwa intaneti ya miaka ile haikuwa kazi ya dakika moja. Suluhisho lililoenea mtaani lilikuwa agizo la mdomo, ambalo hadi leo halijafutika kabisa: hifadhi kwa 97-2003.

Toleo hilo hilo liliondoa Times New Roman kwenye chaguomsingi na kuweka Calibri, likaongeza nafasi kati ya mistari hadi 1.15, na likaweka pengo la pointi 10 baada ya kila aya. Kwa Word, kila mara kitufe cha Enter kinapobonyezwa, hiyo ni aya mpya. Anwani ya mwandishi wa barua, ile mistari minne ya juu kulia inayochapwa kwa kubonyeza Enter kila mwisho wa mstari, ikaachana kama meno yenye mapengo. Barua ya ukurasa mmoja ikamwagikia wa pili. Mkataba wa pango uliopaswa kuishia na sahihi chini ya ukurasa wa pili ukazipeleka sahihi peke yake ukurasa wa tatu, mahali ambapo mtu makini hawezi kuweka sahihi yake, kwa kuwa ukurasa usio na maneno mengine unaweza kubandikwa kwenye mkataba wowote. Tiba ilikuwa fupi kwa aliyeijua: kuchagua mtindo usio na nafasi, au kubonyeza Shift pamoja na Enter ndani ya anwani. Iliyo bora zaidi ni kuweka herufi na nafasi zinazotakiwa mara moja, kisha kuiamuru Word izifanye chaguomsingi la nyaraka zote zijazo. Jambo hili halijapitwa na wakati. Mwaka 2023 Microsoft ilianza kuiondoa Calibri kwenye chaguomsingi na kuweka Aptos, na waraka wa Aptos ukifunguliwa kwenye kompyuta isiyo na herufi hizo hubadilishiwa herufi nyingine, na mistari huhama. Anayepeleka kazi kuchapishwa aibebe kwa PDF.

Yapo mabadiliko ambayo hayana mlango wa kurudi. Tokeni za mita za umeme za LUKU, zinazofuata viwango vya kimataifa vya STS, zilikuwa zikihesabu muda kwa dakika kuanzia Januari 1, 1993, na nafasi ya kuandikia hesabu hiyo ilikuwa na ukomo wa dakika 16,777,216. Dakika hizo zilikuwa zinaishia Novemba 24, 2024, duniani kote. Mita ambayo ingefika siku hiyo bila kusasishwa isingekubali tokeni mpya. TANESCO ikaanza mapema kuwatumia wateja, katika ununuzi mmoja, makundi matatu ya tarakimu 20: mawili ya kuisasisha mita na la tatu la umeme wenyewe. Mteja aliyezoea tarakimu 20 akajikuta na 60. Kwenye nyumba za vyumba vingi za Kariakoo, mtu mmoja alisimama juu ya stuli chini ya mita, mwingine akimsomea namba kutoka kwenye simu, nne nne, na kosa moja likawarudisha mwanzo wa kundi. Aliyeruka moja kwa moja hadi kundi la tatu alikataliwa, na ni rahisi kuelewa kwa nini alidhani ameibiwa. Zoezi hilo lilifaa kwa sababu tatu: tarehe ilitangazwa, utaratibu ulielezwa kwa Kiswahili, na lilifanyika mara moja tu kwa kila mita. Anayetaka kupima kama kampuni inawaheshimu wateja wake inapobadili mfumo anaweza kutumia vigezo hivyo hivyo.

LUKU ilikuwa imekwisha kutoa somo jingine. Kuanzia Agosti 20, 2021 kodi ya majengo ilianza kukatwa ndani ya ununuzi wa umeme: shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila ghorofa, viwango vilivyopandishwa Julai 2023 kuwa 1,500 na 7,500. Mnunuzi alifanya alichokifanya siku zote, akapata uniti pungufu. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, lakini mnunuzi wa umeme mara nyingi ni mpangaji, na mfumo haukuwa na namna ya kuwatofautisha. Chaguomsingi linapogusa fedha, huwa limeamua pia nani aanze kutoa na nani aanze kudai. Mpangaji anayekatwa atunze ujumbe wa kila ununuzi, kwa kuwa ndani yake makato yameandikwa, na siku ya kulipa pango ayajumlishe na kumdai mwenye nyumba.

Maandalizi ya sasisho ni kazi ya dakika chache, na sehemu yake kubwa ni kuchagua wakati. Simu ya biashara isiachiwe isasishe programu yenyewe mchana; mipangilio ya Play Store huruhusu kuzima usasishaji wa moja kwa moja au kuuwekea sharti la Wi-Fi, jambo linaloliokoa bando pia. Kompyuta ya Windows inaweza kusimamishiwa masasisho kwa wiki kadhaa, na ikiunganishwa kwa intaneti ya simu inaweza kuambiwa kwamba mtandao huo una kipimo, ili isipakue mizigo mikubwa. Siku nzuri ya kusasisha ni ile ya biashara ndogo, si Jumamosi wala wiki ya kuelekea Idi. Kwenye duka lenye simu tatu, isasishwe kwanza ile isiyobeba kazi kubwa, itumike siku mbili tatu, ndipo nyingine zifuate.

Kabla ya kubonyeza, mipangilio iliyopo ipigwe picha ya kioo: namna ya kupokea simu, upakuaji wa picha, mfumo wa tarehe kwenye kompyuta. Huo wa mwisho hupuuzwa sana. Mfumo ukirudi kwenye mpangilio wa Kimarekani, 3/4 iliyoandikwa kwa nia ya Aprili 3 husomwa na Excel kuwa Machi 4, na daftari la madeni huvurugika kimyakimya. Excel imekuwa ikigeuza maandishi kuwa tarehe kwa ukaidi mkubwa kiasi kwamba mwaka 2020 kamati ya kimataifa inayotoa majina ya jeni za binadamu iliweka wazi kwamba imebadili majina kadhaa, MARCH1 ikiwa mojawapo, ili yasigeuzwe. Wanasayansi waliona ni rahisi kubadili jina la jeni kuliko kushindana na chaguomsingi. Mazungumzo ya WhatsApp nayo yatunziwe nakala rudufu, kwani maagizo mengi ya wateja wa mikoani yamo humo.

Baada ya sasisho kutua, jaribio la kwanza lisifanywe na pesa ya mteja. Simu ipigwe kutoka simu nyingine ya dukani na kupokelewa. Kiasi kidogo kitumwe kati ya laini mbili za mwenye duka. Barua fupi ichapwe na kuprintiwa. Mashine ya kutolea risiti za TRA ikiguswa na fundi wake, risiti ya kwanza isomwe yote, kuanzia jina la biashara na TIN hadi tarehe na saa, kabla haijakabidhiwa mtu.

Likionekana jambo lisilofaa, hatua ya kwanza ni kwenye setingi, kwa kuwa watengenezaji wengi huacha njia ya zamani imefichwa humo. Programu ya simu ya Google ina sehemu ya kuchagua ishara ya kupokelea, kutelezesha au kugusa mara moja. Android iliyobadilisha vitufe vitatu vya chini kuwa ishara za vidole hurudisha vitufe hivyo kwenye mipangilio ya mfumo. Programu iliyokuja na simu kutoka kiwandani inaweza kuondolewa masasisho yake ikarudi ilivyokuwa, ila itajisasisha tena kama usasishaji wa moja kwa moja haujazimwa. Fundi atakayependekeza kuiflashi simu kwa sababu kitufe kimehama aachwe. Kuiflashi hufuta picha, majina na mazungumzo, na tatizo halihitaji hivyo. Vilevile toleo la zamani linalozunguka kwa kurushiana, au WhatsApp za pembeni kama GB WhatsApp, si njia ya kurudi. Hazitoki kwa kampuni yenyewe, hakuna anayejua zinasoma nini, na WhatsApp hufungia akaunti zinazozitumia.

Kuahirisha nako kuna mpaka. Mbali na kuleta sura mpya, masasisho huziba matundu. Machi 2017 Microsoft ilitoa sasisho la kuziba tundu moja la Windows. Mei 12 mwaka huo kirusi cha WannaCry kikapita katika tundu lile lile na kufunga kompyuta katika nchi nyingi, zikiwemo za hospitali za Uingereza. Waliokuwa wamesasisha walisalimika. Wiki mbili za kungoja wengine wajaribu ni busara. Miezi miwili ni hatari. Kwa Windows 10, masasisho ya kawaida ya usalama yalikoma Oktoba 14, 2025, na kompyuta ya steshenari inayopokea flashi arobaini za watu kwa siku si mahali pa kubahatisha.

Wanaosahaulika ni wasaidizi. Mwenye duka husoma tangazo, hujaribu, huzoea, kisha kijana wa kaunta anakutana na menyu mpya mbele ya foleni. Karatasi moja iliyoandikwa kwa mkono na kubandikwa kando ya droo, ikionyesha zamani bonyeza hivi na sasa bonyeza hivi, hufanya kazi kuliko maelezo ya mdomo, na inaweza kubanduliwa baada ya mwezi. Kwa mzee anayekuja kusaidiwa, simu ibaki mkononi mwake yeye, aonyeshwe huku akibonyeza mwenyewe. Akifanyiwa, atarudi kesho, na huenda siku hiyo akamkabidhi simu na namba ya siri mtu asiyefaa.

Malalamiko yanafaa kupelekwa, kwa kuwa historia inaonyesha kwamba husikika yakiwa mengi na yenye maelezo. Windows 8 ya mwaka 2012 iliondoa kitufe cha kuanzia; Oktoba 2013 kitufe kikarudi, na Julai 2015 Windows 10 ikaja na menyu yenyewe. Februari 2017 WhatsApp iliweka Status ya picha za saa 24 mahali pa maneno ya hali ya mtu. Mwezi uliofuata ikayarudisha maneno hayo. Lalamiko lenye uzito hutaja aina ya simu, toleo la programu, tarehe, kilichokuwa kikitokea na kinachotokea sasa, na hasara iliyopatikana. Kwa huduma za simu, lianze kwa kampuni yenyewe, na namba ya kumbukumbu ya lalamiko iandikwe. Likikwama, lipelekwe kwa mamlaka ya mawasiliano, TCRA. Kwa makato ya pesa yasiyoeleweka, Benki Kuu nayo ina kitengo cha kuwasikiliza watumiaji wa huduma za fedha. Ujumbe wote wa miamala usifutwe hadi jibu litoke.